Aliyetuozesha kwa Kikuba

Kila mwaka, kahawa ikishaanikwa, alikuja nyumbani kwangu kuhakikisha kama bado nina mke.

Yeye hakusema hivyo. Alisema amepita tu kusalimia. Lakini mtu hapandi kwa miguu kutoka Marangu Mtoni mpaka kwangu juu, viatu vimeng'arishwa kwa ganda la ndizi, eti amepita tu. Akifika hakai. Atasimama uani, kofia mkononi, ataulizia ng'ombe, ataulizia mvua, huku macho yanazunguka mpaka mke wangu atokee jikoni au zizini. Akishamwona ndipo anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, anavuta kiti, anapokea chai. "Bado mpo," anasema. Tunamjibu tupo. Chai ikiisha anaondoka, anaelekea kwa wengine.

Miaka mingi nilidhani anammezea mate mama wa watoto wangu. Mimi sizunguki, nilimwuliza. Alicheka mpaka chai ikammwagikia kifuani. Akasema, "Ningekuwa namtaka, siku ya harusi yenu ningemwimbia kwa niaba yangu. Wewe ningekuachia upige makofi."

Namwita Mpiga Gitaa kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote, hata mchungaji. Jina analo, na wanaolihitaji wanalijua. Ukoo wake sitauandika. Huku kwetu kila mtu anapenda kuanza na ukoo. Mimi nilianza na kubeba mizigo ya wageni mlimani, nimeishia darasa la nne, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na ukumbi wa sherehe wa watu mia tatu. Hakuna mjomba aliyenipa hata msumari. Kwa hiyo mtu namhesabia anachofanya.

Yeye alifanya mambo mawili. Siku za kazi alipogoa kahawa za watu. Alikuwa na mkasi wake mwenyewe, hakumwazima mtu, na alikata bila huruma mpaka mwenye shamba anafumba macho. Ukilalamika anakujibu, "Ukiogopa kukata, utavuna majani." Jumamosi alifunga mkasi kwenye gunia, akafungua gitaa kwenye blanketi, akaimba. Harusi, kipaimara, ubatizo, jubilei. Zamani ilikuwa bendi ya watu saba pale Moshi mjini, wana suti za rangi moja na tarumbeta mbili. Wenzake wakafa, wengine wakahamia Dar, ukaja muziki wa kubonyeza vitufe. Akabaki yeye na gitaa, na watu waliendelea kumwita kwa sababu ya wimbo mmoja.

Wimbo ule ulikuwa wa Kikuba. Tulisema Kikuba, tukaona tumemaliza. Mtu mmoja wa Tanga aliyekuja kununua mbao alitucheka, akasema kwao kikuba ni majani na maua ya kunukia wanayojipamba wanawake. Tukamwambia hapa siyo Tanga. Kikuba ni lugha ya Kuba, nchi iliyo upande wa pili wa bahari ya pili, na Mpiga Gitaa wetu anaijua. Wengine wanajivunia mlima. Mlima hakuuweka mtu. Sisi tulikuwa na mtu anayejua Kikuba.

Ndoa huku haikuwa imekamilika bila wimbo ule. Mchungaji au padri afanye yake kanisani, sawa. Lakini ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikishakatwa, watu wanamgeukia yeye. Anasimama, anafumba macho, anaanza taratibu, halafu gitaa linaingia kama mtu anayeshuka mteremko na hataki kuonekana anakimbia. Wazee walioapa hawachezi walisogeza kiti.

Siku aliyoniimbia mimi, baada ya wimbo, alininong'oneza maana yake. Akasema wimbo unasema: aliyeanza bila kitu, leo ameketi mezani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, shati la kuazima. Sijawahi kupewa zawadi kama ile. Niliitembeza miaka thelathini. Nikikutana na mtu wa shule, ananidharau, najisemea moyoni, mimi nimeimbwa Kuba.

Sasa siku moja, kwenye kipaimara huko Mkuu, Rombo, mnunuzi mmoja wa kahawa akaanza kuringa kwamba wimbo ule unamsifu bibi harusi, kwamba ni kahawa ya kwanza kuiva. Nikamwambia amekosea. Mwalimu mmoja mstaafu akatukatiza wote wawili, akasema wimbo unahusu elimu. Tulibishana mpaka mama mmoja akatuondolea kibuyu cha pombe ya mbege mbele yetu. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Mpiga Gitaa. Nilimkuta juu ya ngazi, katikati ya matawi ya mti mkubwa wa kahawa wa jirani. Nikamwuliza, wimbo mmoja una maana ngapi?

Hakushuka. Alisema, "Wimbo ni mgeni. Mpe kwanza chakula, habari za kwao atasema akishiba." Akaendelea kukata. Nilikasirika mwaka mzima. Yeye mwaka ule ule alikuja kama kawaida, akasimama uani, akamtafuta mke wangu kwa macho.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, huwezi kumkunja ukamweka mfukoni. Pombe hakunywa, na maisha yake yote ameimba penye pombe. Aliwahi kumshusha diwani jukwaani katikati ya hotuba kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Mlevi alimtolea panga kwenye harusi Masama, yeye akampokonya, akampiga kofi moja, akarudi kwenye wimbo pale pale alipoachia. Sikuwahi kumwona akiogopa mtu. Nilichelewa kujua kwamba alikuwa anaogopa tangu siku niliyomfahamu.

Nilijua pale ndoa moja ya Masama ilipovunjika. Vijana wale alikuwa amewaimbia yeye. Mwanamke alichukua watoto, akarudi kwao, na shamba likabaki na kesi. Mambo ya kawaida. Lakini Mpiga Gitaa akaugua. Alilala wiki mbili, haumwi kichwa wala tumbo. Nikamtembelea na mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai. Hakuugusa. Aliniambia nifunge mlango.

Akasema, "Mimi sijui niliwaimbia nini."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema Kikuba hajui hata neno la kuombea maji. Alipokuwa kijana aliosha glasi kwenye baa moja ya Majengo, Moshi. Mwenye baa alikuwa na santuri moja ya Kikuba, jalada limepotea, karatasi ya katikati imebanduka, hujui nani kaimba wala anasema nini. Ilipigwa kila siku. Aliidaka kwa sikio, neno baada ya neno, glasi baada ya glasi. Bendi zote za wakati ule zilifanya hivyo, alisema, mmoja anadaka, wa pili anadaka kwa yule wa kwanza. Kwenye dansi haikuwa na shida. Shida ilianza watu walipotaka wimbo ule kwenye ndoa.

"Kama ni wa msiba je?" aliniambia. "Kama ni mtu anamlaani aliyemwibia mke? Wewe unajua kwetu neno la siku ya ndoa linavyoshika. Mzee akitamka neno kwenye ndafu, linakaa. Mimi nimetamka kwenye ndafu za watu miaka yote hii, sijui nimetamka nini."

Ndipo nikaelewa zile safari. Alikuwa anazunguka mlima mzima, Rombo mpaka Hai, kukagua ndoa. Alikuwa na orodha kichwani. Walioachana, waliofiwa, waliozaa mtoto mgonjwa. Kila mwaka anahesabu, na kila aliyepungua anamweka juu yake mwenyewe. Nilimwambia ni upuuzi, watu wanaachana hata walioimbiwa na kwaya. Alinitazama. Akasema mimi naweza kusema hivyo kwa sababu kwangu bado tupo.

Nikamwuliza kwa nini asiache kuuimba. Akasema aliwahi kuacha. Watu walisema bibi harusi yule ana mkosi, ndiyo maana amenyimwa Kikuba. Akarudia kuimba.

Halafu akaja daktari. Alikuwa Mkuba kweli, amekuja kufanya kazi hospitalini kwa miaka miwili. Mweusi kama sisi. Kina mama sokoni walimwamkia kwa Kichagga, wakamnunia alipokosa kujibu, wakidhani ni binti wa Mkuu anayejidai mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha wagonjwa: vua shati, vuta pumzi, umepata choo? Alimtibu mke wangu shinikizo la damu, tukazoeana.

Mwaka ule tulikuwa na jubilei yetu, miaka hamsini ya ndoa. Nilimkaribisha daktari. Sitajificha, nilifanya makusudi. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu kama nimeimbwa au sikuimbwa. Mpiga Gitaa sikumwambia. Nilijua angekimbia.

Alimwona daktari akiwa tayari amesimama na gitaa. Mtu wa meza kuu alikuwa ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba leo tunaye mgeni kutoka Kuba, atasikia lugha ya kwao. Watu wakapiga vigelegele. Nilimwona akitazama mlango. Kisha akanitazama mimi, na jicho lile sijalisahau. Akafumba macho, akaimba. Jasho lilimtoka mpaka likadondokea kwenye gitaa. Daktari alikuwa amenyanyua simu, anarekodi, tabasamu usoni. Wimbo ulipofika katikati, tabasamu likaondoka. Akasimama.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Nikauliza kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu, bora nimalize. "Daktari, anasema nini?"

"Mwanzo nimeelewa," alisema. "Anasema, bibi, fungua mlango, mvua imekuja. Kihispania kimeumia kidogo, lakini hakijafa."

Watu wakacheka. Mpiga Gitaa hakucheka. "Na pale katikati?" alimwuliza.

"Pale katikati sijui." Daktari alitafuta maneno. "Bibi yangu aliimba pale. Akifagia uwanja, aliimba. Nikamwuliza maana yake. Akasema, siyo Kihispania, hayo ni maneno ya Afrika, sisi tumeyakuta. Mimi nimekuja Afrika. Nilitaka kuwauliza ninyi."

Watu mia tatu tulitazamana. Watu wa Afrika walifungwa kamba wakapelekwa huko utumwani na maneno mdomoni, wakayaimba mpaka wajukuu wakayasahau maana, yakaingia kwenye santuri, santuri ikapanda meli ikarudi, mwosha glasi wa Majengo akayadaka akidhani ni ya ng'ambo. Kuba walidhani sisi tunajua, sisi tukadhani Kuba wanajua.

Mpiga Gitaa alimwuliza swali moja tu. "Huyo bibi yako, alikaa na mume wake?"

"Mpaka mzee alipokufa. Kila siku wanagombana."

"Basi," alisema. Akaketi, akaomba sahani. Nikasema moyoni, mtu huyu leo amepona.

Daktari alimfuata pale pale na simu, akamwomba arudie sehemu ya katikati polepole, amtumie mama yake Kuba. Mama huyo ndiye pekee aliyebaki, zaidi yake mwenyewe, aliyemsikia bibi. Mpiga Gitaa akarudia: "Yaya mali, yaya mali e." Daktari akakunja uso. Akasema bibi hakuimba hivyo. Au aliimba, amesahau.

Baada ya siku nne Mpiga Gitaa alikuja kwangu. Haukuwa wakati wa mavuno. Hakumtafuta mke wangu kwa macho, alinitafuta mimi.

"Nimempa neno la uongo," alisema. "Limeshavuka bahari. Yule mama atalishika hilo, na la kweli litakufa na mimi."

Nilijua anasema nini, maana aliyesababisha ni mimi. Kwenye santuri ile hawakuimba mali. Waliimba mavi. "Yaya mavi, yaya mavi e." Siku ya harusi yangu watu wako kwenye chakula, yeye anaimba hivyo, na mama mkwe akaweka kijiko chini akauliza ni mtoto gani amejichafua mpaka yaya anaitwa. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa na shati la kuazima, nikaona nimeaibishwa mbele ya wakwe. Nikamfuata nyuma ya jiko, nikamshika ukosi, nikamwambia abadilishe neno lile asilirudie tena kwenye ndoa ya mtu. Akaweka mali, na kunituliza akaninong'oneza ile maana ya kuketi mezani. Likampendeza kila mtu.

"Mpigie daktari umwambie," nilisema.

"Nimwambie mwanamke yule neno hilo? Wewe mwambie."

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na mimi je?"

Daktari alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi. Alisema hapati usingizi, kila akifumba macho anaona yule mama mzee anajifunza neno la uongo, na anafurahi. Alisema zamani aliogopa kwamba ametamka kitu kibaya. Sasa anaogopa kwamba alikabidhiwa kitu, akakibadilisha ili wakwe zangu wale vizuri. Tulikaa, wazee wawili, kila mmoja anaangalia viatu vyake.

Mke wangu alikuwa dirishani, amesikia yote. Akaniambia, "Baba Ndeshi, mnaogopa neno ambalo mnalisomba kwa toroli kila asubuhi?" Akachukua simu akampigia daktari mwenyewe.

Daktari alikuja Jumapili yake ya mwisho, mchana, masanduku yameshafungwa. Mpiga Gitaa alikuwa amefika tangu asubuhi. Alianza kuzunguka, akasema kuna neno kidogo, akasema wakati ule tulikuwa vijana, akasema mila na desturi. Daktari alingoja. Mwisho akalitoa, macho chini, sauti kama ya mtu anayeungama.

"Mavi," daktari alirudia, kama anavyomwuliza mgonjwa. Hakucheka. Akalirudia tena, mara hii midomo ikienda kama wimbo. Kisha akapiga simu ya picha, kwao ilikuwa asubuhi. Akatokea mwanamke mzee, kitambaa kichwani, kikombe mkononi. Mke wangu aliniambia anafanana na shangazi yake. Mpiga Gitaa alivua kofia, akaiamkia simu shikamoo.

Aliimba bila gitaa, anapiga goti kwa vidole. Neno akalitamka lote, wazi, mara mbili. Halafu akanyamaza. Katika wimbo ule kuna mahali ambapo siku zote hunyamaza, mguu unapiga chini mara nne, kisha anaendelea. Sisi tulipazoea, ni pa kuvuta pumzi.

Mguu haujapiga mara ya tatu, sauti ikatoka kwenye simu. Yule mama alikuwa ameweka kikombe, amefumba macho, anaimba maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia mlimani hapa. Yalichelewa kidogo kwa sababu ya mtandao, lakini yaliingia pale pale, yakajaza pale palipokuwa patupu. Akamaliza, akangoja. Daktari akamgusa Mpiga Gitaa bega. Akaanza mstari wake upya, akanyamaza, na yule mama akamwitikia tena.

Mama akasema kitu. Daktari akatafsiri. "Anauliza, huko kwenu nani anaitikia?"

Mpiga Gitaa alinitazama, kisha akaitazama simu. "Mwambie hakuna," alisema. "Mwambie santuri ilikuwa na mkwaruzo pale. Nilidhani ni mahali pa kunyamaza."

Daktari alimweleza. Yule mama alisikiliza, akajipangusa uso kwa kitambaa, kisha akaanza kuamrisha kwa kidole. Hilo halikuhitaji tafsiri. Tusogee karibu, sote. Akayatamka maneno ya kuitikia polepole, moja moja. Mke wangu aliyapata mara ya kwanza. Mimi nilikosea. Akanirudisha mwanzo. Nikakosea tena, akatikisa kichwa, akasema jambo ambalo daktari alikataa kutafsiri.

Mpiga Gitaa alikuwa amenishika mkono. "Haraka, Baba Ndeshi," alisema. "Mtandao usije ukakata."

Nikarudia.